Nukta Sifuri

Kwa kuwa yule mshikaji wangu ameshamwaga toleo lake la yaliyonikuta ukumbini Jumamosi kwenye kila grupu la WhatsApp alilomo, hadi la kwaya, acha niseme mwenyewe. Kwanza, sikulia. Lile lilikuwa jasho, feni ya ukumbi ilikufa tangu asubuhi na mashahidi ninao. Pili, sikusema kerneli ya Linux, ule moyo wa mfumo endeshi wa kompyuta, ina makosa. Nilisema tu kwamba… haya basi, hilo nililisema.

Jumamosi, watu kama thelathini, mada yangu ni eBPF kwa wanaoanza, yaani namna ya kuingiza vijiprogramu ndani ya kerneli. Wale mliokuwa mnaona tangazo langu wiki nzima, lile la picha nimekunja mikono, naomba mlisahau.

Msio wa fani, vumilieni kidogo. Ukitaka kuingiza kijiprogramu chako ndani ya kerneli, unakutana kwanza na verifaya. Huyu ni mlinzi wa geti asiyepokea soda. Anapitia kila njia ambayo kijiprogramu chako kinaweza kupita kabla hakijaruhusiwa kukimbia, na ukiita funksheni ya kerneli anakukagua mkono kwa mkono: hoja zako, yaani vitu unavyoipa funksheni, zinakaa kwenye rejista, vijisanduku vya R1 mpaka R5, na kila moja lazima iwe na aina inayotakiwa. Funksheni ya kutafuta kitu kwenye mapu (jedwali ambalo kila kitu kina ufunguo wake), kwa mfano, inataka R1 iwe mapu yenyewe na R2 iwe anwani ya ufunguo. Anwani, jamani. Mahali ulipo huo ufunguo. Mimi nikampa ufunguo wenyewe. Yaani mtu kaniomba nimwelekeze nyumba, nikamkabidhi tofali.

Kompaila, ile inayotafsiri programu kwa lugha ya mashine, ilishanionya nyumbani usiku. Nikaifunga mdomo kwa kubandika (void *) mbele ya ufunguo, yaani "hii ni anwani, niamini", onyo likapotea, nikalala usingizi wa mtu mwenye akili. Kujaribu kuipakia kwenye kerneli? Nilisema nitajaribu ukumbini, watu waone mubashara. (Najua. Usiniandikie inbox.)

Basi. Nimesimama. Nabonyeza Enter kwa kidole kimoja, kwa madaha, huku nimewageukia wao, sioni skrini. Nasema, "Na hapo tayari iko ndani ya kerneli." Hakuna anayepiga makofi. Dada wa mstari wa mbele anasoma juu ya bega langu midomo ikicheza. Nageuka. Skrini nzima ya ukutani, herufi kubwa kama za duka la vifaa vya ujenzi:

R2 type=scalar expected=fp

Baada ya fp kulikuwa na koma, halafu pkt, halafu map_value, halafu mengine. Orodha nzima ilikuwa inanipungia mkono. Mimi nikaishia kwenye fp.

Na hapa ndipo mdomo ulipotangulia kichwa. Nikatulia, nikashika kidevu, nikasema kwa sauti ya mhadhiri: "Sawa. Scalar ni namba kamili. Yeye anataka fp. Fp ni nini?" Kimya. "Flotingi pointi! Anataka desimali!" Nikachukua kalamu, nikaenda ubaoni. Mungu wangu, nilikwenda ubaoni. Nikaandika 4127, ile namba ya prosesi (programu inayokimbia) niliyokuwa nafuatilia, ndiyo ufunguo wenyewe. Nikaweka nukta. Nikaweka sifuri. Nikaizungushia duara. "Kwa hiyo tunampa 4127 nukta sifuri, ataridhika."

Kuna mtu aliandika kwenye daftari. Nilimwona. Popote ulipo ndugu yangu, chana hilo karatasi.

Nikarudi kwenye kompyuta, nikaongeza (double), aina ya namba za desimali. Kompaila ikakataa palepale: double haiwezi kugeuzwa kuwa pointa. Pointa, yaani anwani! Neno lenyewe, kwenye skrini ya ukutani. Nikacheka kile kicheko cha puani, nikasema, "Hizi kompaila mpya zina maringo." Nikajaribu float, desimali nyingine. Ikakataa. Nikashusha pumzi, nikawaambia watu wazima waliolipa nauli zao kuja kunisikiliza kwamba inaelekea tumegundua kasoro kwenye kerneli, na kwamba nitaripoti.

Ndipo yule dada, yuko mafunzo kwa vitendo, mwaka wa pili, akanyoosha mkono nusu. "Samahani kaka. Hiyo fp si fremu pointa? Nilidhani eBPF haina desimali kabisa."

Feni ya projekta ndiyo pekee iliyokuwa inapumua.

"Ufunguo uko kwenye steki, ile kumbukumbu ya muda ya programu," akaendelea, taratibu, kama anayemwambia mzee wa watu kwamba zipu iko wazi. "R10 ndiyo fremu pointa, anwani ya hiyo steki, wewe unampa R2 anwani, R10 toa nane hivi. Ondoa hiyo (void *) uweke alama ya &, ile ya anwani." Akasita. "Shikamoo."

Shikamoo, jamani! Nina miaka ishirini na tisa!

Nikaweka &. Verifaya akapita R2 bila neno, akanikamata mbele kidogo: map_value_or_null, sijakagua kama mapu imerudisha kitu au imerudisha patupu. Hilo nalo alinitajia yeye, mstari mmoja wa if, programu ikaingia, watu wakapiga makofi wakimtazama yeye, nikafunga laptopu, nikasema maswali tutayachukua kwenye chai, halafu chai yenyewe sikunywa.

Ubao haukufutwa. Mshikaji ana picha yake, na mnayo pia, maana nimeona wangapi mmeifanya stika.

Leo Jumatatu nimeingia ofisini kimyakimya, nikapitia mlango wa nyuma, jikoni. Mama wa chai kanitazama, kijiko kiko juu ya kikombe.

"Mwanangu, sukari viwili, au viwili nukta sifuri?"