Aliyepunguzwa kazi na haraka ya kufungua duka

Kila masika yakikaribia, hoteli za pwani ya Zanzibar, kuanzia Nungwi na Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, huanza kupunguza watu. Mmoja huambiwa apumzike mpaka Juni, mwengine hupewa barua ya moja kwa moja pamoja na malipo yake. Akirudi mtaani na barua ile, ushauri anaoupata ni ule ule, kwa wazee wa barazani na kwa shemeji zake: fungua duka, fedha isikae bure. Asipofungua, akaonekana anashinda nyumbani au amekubali kibarua cha nusu ya mshahara wa zamani, huambiwa mvivu, mtu aliyelemazwa na ajira. Mimi naona anaonewa.

Wanaohimiza duka wana hoja, na si ndogo. Fedha taslimu haikai nyumbani. Habari ya malipo huenea siku hiyo hiyo, kisha zinafuata harusi, mgonjwa wa kupelekwa Mnazi Mmoja, sare za skuli za watoto wa ndugu. Kwa desturi zetu ni vigumu kumwambia dada yako huna, ilhali anajua unazo. Fedha iliyokwisha kugeuzwa mchele na sukari haiombwi kwa wepesi ule. Hoja ya pili ni nzito zaidi: kuna kazi zisizorudi. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii 538,264. Mwaka 2020, kwa korona, wakashuka hadi 260,644. Idadi ya 2019 haikupitwa mpaka 2022. Aliyeketi kusubiri hoteli imwite alisubiri muda ambao akiba ya mhudumu wa kawaida haiwezi kuufikia.

Lakini tulifanyie duka lenyewe hesabu, kwa sababu hesabu hii haifanywi barazani. Tuchukue mfano wa mtu aliyelipwa milioni tatu. Mwenye mlango anataka kodi ya miezi sita mbele; kwa 150,000 kwa mwezi, 900,000 imeondoka. Friji, 700,000. Shelfu na kaunta, 250,000. Leseni, mzani, rangi na waya wa umeme, 150,000. Zimekwenda milioni mbili, na kwenye shelfu hakujawekwa hata kopo la maziwa. Bidhaa anazinunua kwa milioni moja iliyobaki.

Tuseme faida ya unga, mchele na sukari ni asilimia 10, na bidhaa zote zinazunguka mara mbili kwa mwezi. Kwa duka changa huo ni mwendo mzuri. Mwezi wa kwanza anapata 200,000. Toa umeme 40,000, zinabaki 160,000. Nyumba inakula 10,000 kwa siku, yaani 300,000 kwa mwezi. Pengo la 140,000 linatoka kwenye shelfu. Mwezi wa pili anaanza na bidhaa za 860,000, kwa hiyo na faida inapungua, na pengo linafika 168,000. Mwezi wa tatu ni laki mbili na kitu. Mwisho wa mwezi wa nne bidhaa zote hazifiki laki mbili na nusu. Mwezi wa tano shelfu ni tupu, na kodi aliyoilipa bado ina siku zake. Hapo hajakopesha mtu. Akianza daftari la madeni, na mtaani kwetu hakuna duka lisilo na daftari, mwezi wa tano unakuwa wa tatu.

Watu wakiona limefungwa husema hakujua biashara, au ana mkosi. Huenda alijua vizuri kabisa. Mtaji wa kununua bidhaa na fedha ya kula vilikuwa kitu kimoja, na duka la milioni moja haliwezi kulisha nyumba ya laki tatu hata akilisimamia nani. Ili faida ile ya asilimia 10 ilipie chakula na umeme peke yake, bidhaa zingetakiwa ziwe za 1,700,000. Ukiongeza kodi ya kila mwezi, karibu milioni mbili na nusu. Na hizo ni bidhaa tu, mbali na friji na shelfu.

Sasa mtazame yule anayeitwa mvivu. Milioni tatu ile ile, kwa matumizi yale yale, inamlisha miezi kumi bila kufanya kazi yoyote. Akipata kibarua cha 150,000, hata cha kulinda nyumba ya mtu, inamlisha miezi ishirini. Aliyepunguzwa Aprili anahitaji miezi miwili au mitatu tu kufika Julai, hoteli zinapojaa na kuanza kuita watu. Kinachomtofautisha na mlaji wa akiba ni jinsi anavyoiweka. Aweke benki, ajitolee kiasi cha mwezi mmoja kwa tarehe moja, na nyumbani waijue tarehe hiyo. Kwa njia hiyo hata ombi la dada linapata jibu la kweli: za mwezi huu zimekwisha.

Narudi kwenye kazi zisizorudi. Hapa barua ndiyo ya kusomwa kwa makini. Kupunguzwa kwa sababu ya msimu na kupunguzwa kwa sababu hoteli imeuzwa au idara imefungwa ni mambo mawili tofauti, na la pili halisubiriwi. Lakini hata huyo wa pili halazimiki kuuza sukari. Mara nyingi ana ufundi ambao mtaa hauuoni kuwa ni mtaji.

Chukua fundi wa AC. Hewa ya chumvi ya pwani hula mapezi ya kile chombo cha nje, na vumbi huziba vichujio vya ndani. Nyumba za wageni zisizo na fundi wake huita mtu AC inapoacha kupoza. Anachohitaji ni pampu ya maji ya kuoshea, pampu ya kuvuta hewa, geji, mzani wa gesi, seti ya spana na mtungi. Vifaa vingi vya hivyo hupatikana vilivyotumika. Asichobania fedha ni geji: AC hutumia gesi ya kupozea ya aina ya R-410A au R-22, na presha ya R-410A inazidi ya R-22 kwa zaidi ya nusu, na geji ya R-22 pekee haiifai. Gesi hizo mbili hazichanganywi, na anayechanganya huiharibu kompresa ya mteja pamoja na jina lake mwenyewe. Halipi kodi ya mlango, na hana bidhaa ya kuliwa jikoni. Mwezi mbaya unamkosesha pato, lakini vifaa vyake vinabaki.

Aliyerudi kwao Pemba katika msimu wa karafuu ana kibarua kinacholipwa kwa pishi, na kuchambua makonyo jioni, yaani kutenganisha karafuu na vikonyo vyake, ni kazi inayogawika ndani ya nyumba. Si kazi ya mwaka mzima, na karafuu hazizai sawa kila mwaka, kwa hiyo haijengewi mpango mrefu. Kwa wiki kadhaa, hata hivyo, akiba haiguswi.

Kabla ya yote hayo yapo mambo ya siku za mwisho kazini ambayo wengi huyapita kwa aibu au hasira. Barua itaje sababu ya kuachishwa. Cheti cha utumishi kidaiwe pale pale, kwani meneja akihama hakuna wa kukiandika. Siku za likizo ambazo hukuzichukua zihesabiwe kwenye malipo. Michango ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, ihakikiwe mwezi kwa mwezi na hati za mshahara, maana kukatwa kwenye mshahara si ushahidi kwamba fedha imefikishwa kwenye mfuko. Na karatasi inayosema umepokea haki zako zote isitiwe saini kabla haki hizo hazijaorodheshwa na kulipwa. Mwenye mgogoro aende Kamisheni ya Kazi mapema, madai yana muda wake.

Na kama nia ya duka bado ipo, aanze na meza mbele ya nyumba, bidhaa mbili tatu, mtaji wa laki mbili, bila kodi. Kwa miezi mitatu aandike kila jioni kilichouzwa, kilichokopwa na kilichochukuliwa jikoni. Daftari hilo litamwambia kama mtaa wake unalipa taslimu au unalipa kwa "nitakuletea kesho", kabla hajampa mwenye mlango kodi ya miezi sita.