Moto wa Bure Uko kwa Mama Mkwe

Tanzania ni nchi ya joto. Tulifundishwa hivyo darasa la nne, nikaandika kwenye daftari, nikapewa vema kubwa jekundu. Leo niko Njombe, mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, nimevaa suruali mbili, sweta, koti, na juu ya koti nimejifunga kanga ya mke wangu, ninahangaika kutia uzi kwenye tundu la sindano. Mimi ni fundi cherehani. Uzi hauna kosa na tundu halina kosa. Vidole ndivyo vimekufa ganzi, nauangalia mkono wangu kama wa kuazima.

Kwetu ni Muheza, mkoa wa Tanga. Kule blanketi ni kitu cha kumtolea mahari mtu, halikai kitandani. Nikampenda binti wa Kibena aliyekuja kufanya kazi Tanga, nikaoa, biashara ikayumba, akaniambia twende kwao, huko mafundi ni wachache na kila mtu anashonesha makoti. Sikujiuliza kwa nini kila mtu anashonesha makoti.

Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukilalamika kwa mtu wa hapa anakucheka: "Hii baridi? Nenda Makete." Nimemkuta mtu wa Makete sokoni, nikamuuliza, akasema kwao ni kawaida tu, baridi iko Kitulo. Kitulo sina wa kumuuliza, ni hifadhi ya taifa yenye maua, na pembeni yake shamba la ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe nao nahisi wangenielekeza mbele zaidi.

Na msidhani tatizo ni nje. Nje saa tano jua linawaka vizuri, watu wameegemea ukuta wanaota jua kama mijusi. Baridi ya Njombe inaishi ndani, tena haichangii kodi. Nyumba niliyopanga ni ya tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, juu bati tupu, silingibodi hakuna. Mwenye nyumba alisema ataweka "Mungu akipenda," na mpaka sasa hajapenda. Usiku mbingu ikiwa safi bila wingu, joto lote la chumba linapita kwenye bati linaondoka zake, asubuhi unakuta sakitu, umande ulioganda, imetanda kwenye majani ya viazi kama mtu kamwaga chumvi.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kununua hita. Nilisikia aibu kuwa mwanaume ndani ya nyumba na watoto wanatetemeka. Hita ya mtumba, waya wake umefungwa utepe mweusi sehemu mbili, muuzaji akaniapia kwa marehemu baba yake kwamba inafanya kazi. Marehemu hakuaibishwa. Ilifanya kazi. Ilifanya kazi mpaka LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ikaanza kupiga kelele. Nyuma imeandikwa wati 2,000, yaani kila saa moja inakula uniti mbili. Sisi tuko kundi la watumiaji wadogo, uniti 75 kwa mwezi, kila uniti shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Kwa masaa manne kila jioni hizo 75 zinakwisha siku ya kumi, hapo hujawasha hata taa. Ukishazidisha, uniti inapanda zaidi ya mara tatu. Nikanunua umeme wa 5,000, wakakata kwanza kodi ya jengo, jengo lenyewe si langu, nikaletewa uniti ambazo ningeweza kuzihesabu kwa vidole, kama vidole vingekuwa vinafanya kazi.

Mke wangu akaichukua ile hita, akaifuta vumbi, akaiweka juu ya kabati pembeni ya maua ya plastiki. Wageni wanaisifia.

Nikaingia mitumba. Hapa ukitaka koti usisubiri mwezi wa sita, maana bei inapanda pamoja na baridi. Mimi nilisubiri. Siku wanafungua robota nilikuwa mbele kabisa, nikapata koti moja zito, la bluu, refu mpaka magotini. Kwenye zipu kulikuwa kumening'inia kadi ya plastiki ya huko Ulaya, na ndani ya mfuko tiketi yenye picha ya mtu anateleza kwenye barafu na fimbo mbili. Nikajiuliza, jamani, kuna mtu aliona baridi, akaifuata, akalipa na kiingilio. Tiketi sijaitupa. Kila nikitaka kujihurumia naitoa naiangalia.

Halafu maranda. Njombe ni nchi ya misonobari na viwanda vya mbao, maranda yanakusanywa kama takataka, unabeba gunia unavyotaka. Jirani akanifundisha jiko lake. Unachukua kopo la bati la rangi, la lita ishirini, unatoboa tundu chini pembeni, unasimamisha chupa ya bia katikati na kipande cha mti unakipitisha kwenye lile tundu la chini mpaka kiguse chupa. Unamimina maranda kidogo kidogo huku unashindilia, unashindilia kweli, kwa mchi, mpaka juu. Ukimaliza unachomoa chupa taratibu unaizungusha, unachomoa na mti, inabaki njia ya hewa. Unawashia chini, moto unapanda katikati, unaweza kuchemsha maharage nusu siku bila kuongeza kitu.

Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi ya jirani. Mimi nilishindilia kwa huruma. Nilipochomoa chupa pakaporomoka upande mmoja, na maranda yenyewe yalikuwa na unyevu. Halikuwaka, halikuzima. Lilitoa moshi wa njano, mnene, wa kukata kwa kisu, na kwa akili zangu nilikuwa nimeliwashia sebuleni ili joto lisipotee. Watoto walitoka kwa dirisha. Mimi nilitoka kwa mlango, machozi yananitiririka, nikakuta majirani wamesimama na ndoo za maji. Mmoja akaniuliza, "Fundi, umechoma nini?" Nikamwambia nafukiza mbu. Njombe. Mwezi wa saba.

Siku hiyo Mama Neema akatoa sheria. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni: "Baba Neema, jiko la nje linakaa nje. La maranda, la mkaa, lolote. Siku ukiingiza jiko chumbani, mimi na watoto tunahamia kwa mama." Na hapo sikumbishia, maana hadithi hizo kila kipupwe tunazisikia: watu wamesikia baridi, wameingiza jiko la mkaa, wamefunga madirisha, wamelala, asubuhi hawakuamka. Ile hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, haikohozi, haibishi hodi. Ukifungua dirisha itoke, baridi inaingia. Nikachagua baridi.

Basi nikarudi kwenye fani yangu. Nikachukua mabaki ya vitambaa, nikashona mto mrefu mwembamba wa kuziba chini ya mlango, kule upepo unakopita na kupiga miguu. Kitambaa kilichokuwepo kilikuwa cha madoadoa ya kahawia na nyeusi. Shemeji yangu alikuja usiku kuomba chaja, akasukuma mlango, akamulika tochi chini. Sitaki kusema alichofanya, ila yule kijana anajiita baunsa, na sasa akija anabisha hodi akiwa barabarani.

Mto ule umesaidia. Nasema ukweli, ndicho kitu pekee kilichosaidia kwa bei ya sifuri. Nikapata moyo, nikashona na silingi. Nilikusanya viroba na sandarusi za mbolea, nikaviosha, nikaviunganisha kipande kwa kipande, tukavitandaza chini ya kenchi na kuvipigilia misumari. Chumba kikapata joto kidogo. Panya nao wakapata uwanja, kila usiku kuna mechi. Na kila nikilala chali nasoma juu ya kichwa changu, kwa herufi kubwa za kijani: UZITO KILO 50. HIFADHI MAHALI PAKAVU.

Mahali pakavu palidumu wiki moja. Mtu alinishauri nichemshe maji, nitie kwenye dumu la lita tano, nilifunge taulo, niliweke miguuni. Usiku wa kwanza nililala kama waziri. Usiku wa pili niliona maji hayajachemka vya kutosha, nikayachemsha mpaka yakaruka. Ile plastiki ikalainika, mfuniko ukalegea. Saa tisa usiku nikasikia umoto mzuri unapanda kutoka miguuni, unafika magotini, unafika mapajani, nikatabasamu usingizini. Dakika mbili baadaye ukageuka barafu. Mama Neema akawasha taa. Aliliangalia godoro, akamwangalia mtoto wetu wa mwisho, mtoto alikuwa mkavu kabisa, kisha macho yakanirudia mimi taratibu. Nikaonyesha dumu. Alisema tu, "Mh." Godoro lilikauka baada ya siku tano, likiwa limeegemea ukuta wa mbele, na kila aliyepita aliuliza kwa heshima watoto wanaendeleaje.

Kuoga msiniulize. Bafu liko nje, maji ya moto ni ndoo moja kwa familia nzima, na kuanzia Juni mimi naoga pasipoti saizi.

Sasa, hatua ishirini kutoka kwangu kuna jiko la mama mkwe. Jiko la kuni, mafiga matatu, ukuta mweusi wa masizi, mabanzi ya msonobari yanalia pa! pa! toka alfajiri mpaka usiku. Hapo ndipo penye joto kuliko nyumba zote nilizowahi kuingia mji huu, na ni la bure. Ila kwetu sisi mwanaume hakai jikoni na mama mkwe. Akimwona anakuja anapisha njia. Hata kikohozi mbele yake unakimeza.

Jumatatu nikapeleka bakuli lake. Nikasimama mlangoni. "Kamwene, mama." Akajibu, "Kamwene, mwanangu." Nikasimama. Bakuli nimeshalikabidhi, bado nimesimama, moto unanipiga usoni. Jumanne nikaenda kuomba chumvi. Jumatano nikaenda kuomba kiberiti, na nilipofika nikakuta kiberiti changu mwenyewe kiko mkononi. Yule mama akanitazama, kisha akakitazama kile kiberiti. Hakucheka, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Akasogeza kigoda kwa mguu, akaweka karai la viazi mbele yake, na kisu juu yake.

"Kaa, baba. Maganda usiyakate manene."

Leo ni wiki ya pili. Namenya viazi vya nyumba nzima, vya msibani kwa jirani, na jana vya kwaya. Shemeji baunsa kapita, kaniona, kakaa kimya, tumelingana. Mama Neema ananiuliza viazi vya kwetu atamenya nani, namjibu kwetu hakuna mwanga mzuri. Cherehani nimeihamishia pale mlangoni mwa jiko, uzi unapita kwenye tundu mara ya kwanza tu, bila hata kuulamba.

Kesho kaniambia niwahi, kuna gunia zima. Kisu nimeshakinoa, kiko mfukoni mwa koti pamoja na ile tiketi.