Soma Jina la Mzee, Kijana, Kicheko Baadaye

Wiki tatu zilizopita baba mzazi wa jirani yangu hapa Gungu, Kigoma mjini, alitoka alfajiri kwenda kuswali, hakurudi. Mzee ana miaka 80 na ushei, na kumbukumbu zake zinakuja na kukatika kama umeme wetu. Tulimtafuta Mwanga, tukamtafuta Katubuka, tukashuka mpaka Kibirizi kwenye maboti. Hola. Ilipofika saa nne mtu akasema, jamani, twendeni redioni.

Redio yenyewe siitaji, maana kesho nitakutana na meneja wake sokoni. Dada wa mapokezi, mwenye adabu zake kabisa, alitusogezea karatasi ya bei: tangazo la kupotelewa na ndugu, shilingi 20,000, linasomwa mara moja. Tukachangishana. Tukaketi kwenye genge la chai pale nje, masikio yote kwenye simu ya muuza maandazi.

Likaja baada ya tangazo la kubeti, katikati ya kipindi cha utani wa mpira. Mtangazaji alianza vizuri tu. Alipofika kwenye mavazi, kanzu nyeupe na kofia ya kijani, rangi ya Yanga, akakatisha: "Kofia ya kijani! Huyo mwananchi huyo! Wanasimba, mmemficha wapi mzee wetu?" Wenzake studio wakaangua kicheko, na fundi mitambo, asije akapitwa, akabonyeza kicheko kingine cha kwenye kompyuta. Jina la mzee halikumalizika. Namba ya simu ilisomwa tarakimu tisa. Ya kumi sijui waliila.

Binti wa mzee alikuwa ameketi kando yangu, kikombe mkononi. Hakusema neno.

Mzee tulimpata saa kumi jioni, Mwandiga, chini ya mti, anakula muwa. Aliyemtambua ni kijana wa bodaboda aliyeona picha kwenye grupu la WhatsApp. Najua mnachotaka kusema. Ngojeni, nitafika huko.

Mimi nimelelewa Kasulu na bibi mzaa mama. Mliokulia mkoa huu miaka ya tisini hamhitaji kusimuliwa sana. Ndadaye, rais wa Burundi, aliuawa Oktoba 1993, na muda si muda njia za huku Manyovu zikawa zimejaa watu wenye magodoro kichwani. Julai 1996 Buyoya akarudi madarakani hukohuko Burundi kwa mapinduzi. Mwaka huohuo vita ya Zaire ikalipuka, Wakongo wakavuka ziwa kwa maboti kutoka Uvira na Fizi, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mtabila, Muyovosi, Lugufu, Nduta, Kanembwa: mimi nilijua majina ya kambi kabla sijajua majina ya mikoa ya Tanzania.

Bibi alikuwa na redio ya betri nne, imefungwa mpira wa baiskeli isiachane vipande. Haikuwa redio ya kuachwa ikiimba mchana kutwa. Betri zilianikwa juu ya bati, kando ya dagaa, zipate joto zijikongoje siku nyingine mbili. Na zilikuwa na kazi yake. Bibi alikuwa hajui kusoma, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini Kirundi kilipoanza kusemwa kwenye ile redio alikuwa mtu mwingine. Kiha chetu Waha na Kirundi ni watoto wa tumbo moja. Hakuna aliyemtafsiria kitu.

Kipindi kilichokuwa kinatukusanya ni Gahuzamiryango ya BBC. Walikianzisha mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Muha hahitaji kuelezwa jina hilo. Kwa ninyi wengine, ni kinachounganisha familia. Watu walitawanyika nchi nne, tano, mtoto huku, mama kule, na redio ikafanya jambo ambalo ukilisikia leo unaweza kudhani ni uvivu wa watangazaji. Ilisoma majina.

Fulani, wa kilima fulani, tarafa fulani, yupo kambi fulani, anamtafuta mkewe fulani na watoto wanne, wa mwisho alikuwa mgongoni. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Hakuna ngoma nyuma, hakuna mtu wa kusema "daah, inasikitisha sana wasikilizaji". Sauti moja, taratibu, jina likitamkwa lote, maana majina ya huko ni sentensi nzima, na ukikata nusu umemtaja mtu mwingine. Uani kwa bibi kulikuwa kimya hata kuku ungedhani wameelewa.

Kulikuwa na kijana mmoja akitoka Mtabila kuja kulima vibarua kwa bibi. Tulimwita Toyi. Hapo Muha ameshaelewa: ni Butoyi, basi kuna Bukuru mahali. Pacha. Waliachana usiku mmoja wakiwa na miaka kumi na kitu, mmoja kakimbilia huku, mwingine hajulikani. Toyi alikuwa anafika mapema siku za kipindi, anachota maji bila kuambiwa, halafu anachuchumaa karibu na ile redio. Sasa wewe fikiria ni akina Bukuru wangapi walioko Burundi. Kila pacha wa kwanza ni Bukuru! Kila jina hilo likitajwa Toyi alikuwa ananyanyuka, nusu, magoti yamekunjwa, anasubiri kilima. Kilima kikitajwa cha watu wengine anakaa. Bibi hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama chini na kuuliza kama ugali umeiva.

Nimemwona akinyanyuka hivyo mara ngapi, siwezi kuhesabu. Ndiyo maana yule mtangazaji wa utani wa kofia ya kijani alinichoma.

Na kuna la pili, ambalo ndilo hasa limenifanya niandike usiku huu badala ya kulala. Redio nyingine ilikuwa imeshasoma majina kabla. RTLM, redio ya Wahutu wenye msimamo mkali, ilianza kurusha matangazo Kigali mwaka 1993, na wanaodhani ilikuwa redio ya watu wanaofoka mwanzo mwisho hawajui ilivyowanasa wasikilizaji. Ilikuwa na muziki mtamu. Ilikuwa na watangazaji wachangamfu, wanaotania, wanaopokea simu, wanaocheka. Ilikuwa redio ya vijana kabisa, ukilinganisha na ile ya serikali iliyokuwa inasoma taarifa kama hati ya kiwanja. Watu waliipenda. Halafu ilipofika Aprili 1994 vinywa vilevile, kwa uchangamfu uleule, vikaanza kutaja majina ya watu, namba za magari yao, mitaa waliyojificha. Na wasikilizaji wakaenda. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa pale Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili, Nahimana na Barayagwiza, pamoja na Ngeze wa gazeti la Kangura. Arusha, siyo mbali.

Simlinganishi kijana wetu wa utani wa mpira na wale. Sina wazimu. Lakini kazi ni ileile moja, jina la mtu kupita kwenye kipaza sauti, na mwaka uleule mmoja ilitumika kumtoa mtu mafichoni auawe na ilitumika kumrudisha mtoto kwa mama yake. Anayeketi mbele ya kitu chenye uwezo wa namna hiyo, kisha akaona jina la mzee aliyepotea ni nafasi ya kuchekesha, hajaambiwa ameshika nini. Na sidhani kosa ni lake. Amepewa kipaza sauti, amepewa orodha ya wadhamini, akaambiwa changamka.

Jambo jingine ni saa. Vipindi vya vita vilikuwa na siku yake na saa yake, na havikuhama. Umubanyi Niwe Umuryango, ule mchezo wa redio wa Studio Ijambo ya Burundi ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri tangu 1997, jirani wa Kihutu na jirani wa Kitutsi, ulikuwa unakuja mara mbili kwa wiki, na watu walipanga safari za sokoni kwa kuuzunguka. Baadaye Imvo n'Imvano ya BBC ikawa Jumamosi, na Jumamosi ni Jumamosi. Mkimbizi hana kalenda ukutani. Wiki yake aliijua kwa mgao wa unga na kwa redio. Leo niulizeni kipindi gani kinakuja Jumanne saa mbili usiku kwenye redio zetu za hapa mjini. Ni muziki, halafu mtu anaongea juu ya muziki, halafu mkeka.

Waliofanya kazi hii wakati ule hawakuwa na raha. Radio Agatashya, jina la mbayuwayu yule anayeleta matumaini, ilikuwa inawatangazia wakimbizi kutoka Bukavu tangu Agosti 1994, na Oktoba 1996 vita ikaifuata hukohuko ikanyamaza. Radio Kwizera ya Ngara ilianza 1995, na bado ipo, na inafika huku kwetu Kibondo. Radio Okapi ikaja 2002 kwa Wakongo, kwa lugha tano, Kiswahili kikiwemo.

Na aibu ninaimeza: aliyekuwa anatusomea majina ya watu waliolala kilometa chache kutoka kwetu alikuwa London.

Haya, WhatsApp. Nimeahidi nitafika. Sawa, ndiyo iliyompata mzee wetu, na ilimpata kwa picha, jambo ambalo redio haiwezi. Na mwaka 2015, Mei 13 na 14, redio binafsi za Bujumbura zilipovamiwa na kuchomwa, waandishi waliokimbia waliendelea kutuma taarifa za habari kwa WhatsApp hiyohiyo, sauti za dakika chache, mtu anamrushia mtu. Mwezi ule ule watu walirundikana kijiji cha mpakani cha Kagunga, meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta mjini, na uwanja wa Lake Tanganyika ukageuka mahali pa kulala. Nilikuwa pale nagawa maji. Watu walikuwa wamezunguka simu moja yenye ufa, wanasikiliza, vilevile kama uani kwa bibi. Nakiri. Inaniuma kukiri, lakini nakiri.

Ila picha ya mzee wetu ilitembea kwenye magrupu ambayo mimi nimo. Mama muuza migebuka wa Kibirizi mwenye simu ya tochi hayumo. Mkulima wa Kalinzi ambaye bando lake liliisha Jumatatu hayumo. Mzee mwenyewe angekuwa amegeukia barabara ya Ujiji badala ya ile ya Mwandiga, akaketi kwenye baraza la mzee mwenzake asiye na chochote ila redio, tungempata vipi? Yule mzee mwenzake angesikia nini? Angesikia kwamba Simba wamemficha mtu.

Halafu msiniambie vita imeisha. Nyarugusu ipo. Akina mama wanaowatafuta watu wao wapo, wanapita hapa mjini, tunawauzia nyanya.

Rafiki yangu mmoja aliyewahi kufanya kazi redioni alinikemea nilipomsimulia haya. Alisema BBC walikuwa na fedha za walipa kodi wa Uingereza, hizi zetu zinalipa umeme, leseni, kodi ya jengo, na mshahara wa yule kijana unaweza kuwa na miezi mitatu haujatoka. Nikamwambia sawa. Nikamwambia pia kwamba dakika ya utani wa kofia ilikuwa na urefu uleule wa dakika ya kusoma jina vizuri, na umeme wake ni uleule. Akacheka, akaagiza chai nyingine, kwa hela yangu.

Toyi alirudi kwao, miaka mingi imepita, kabla Mtabila haijafungwa mwaka 2012. Ana mke, ana mbuzi, ana simu. Mwaka jana alinipigia kunipa pole ya bibi. Tuliongea mambo ya mvua, bei ya mawese, nani kazaa. Mwishoni nikajikaza nikamuuliza. Akasema, bado. Kisha akaniuliza ile redio ya bibi ilienda kwa nani.

Ipo kwangu, haipigi tena.

Jumatatu nimepeleka barua kwa meneja wa redio yetu. Nimeomba dakika kumi, Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, kila wiki bila kuhama, za kusoma bure majina ya waliopotea, bila muziki nyuma. Nimeandika kwamba kama hawana msomaji nitakuja kusoma mwenyewe, na kwamba majina ya Kirundi nayatamka yote. Jibu limekuja leo mchana, ujumbe mfupi wa simu.

"Wazo zuri kaka. Mdhamini ni nani?"