Marekebisho Kidogo Tu

Dalali akikwambia nyumba "inataka marekebisho kidogo tu, bosi", shika mfuko wako. Mimi sikushika. Nilinunua kijumba cha zamani hapa Dodoma, si mbali na reli ya kati, na bei ndiyo iliyonilevya. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, kiwanja kitupu tu kinakutoa jasho, sembuse nyumba yenye bati na mlango.

Nilinunua Agosti. Hapo ndipo ujinga wangu ulipo. Agosti Dodoma ni vumbi na upepo, mvua huisikii hata kwa jirani, kwa hiyo paa lenye matundu kama chekecheo linaonekana zima kabisa. Desemba ikafika. Ndoo, sufuria na beseni la kuogeshea mtoto vyote vikaingia kazini usiku kucha, mimi nazunguka na tochi. Fundi akapanda, akagonga kenchi, zile mbao za kubeba bati, kwa nyundo, nyundo ikazama kama kwenye andazi. Mchwa! Wamekula mbao yote, wamebakiza rangi. (Nyumba za tembe za Wagogo, za miti na udongo, angalau hazimdanganyi mtu.)

Na huyo fundi ni kero ya peke yake. Kila anachogusa anaguna, "Duh, hapa alijenga nani?" halafu anaomba hela ya misumari. Ya jana iko wapi? Anacheka.

Juzi dalali kanipigia tena. Eti kuna nyingine, mtaa wa pili.