Taa ya Upande Mmoja

Hapa Hamburg, kuanzia Novemba, majirani hawaulizani habari za asubuhi. Wanaulizana kama gari limewaka. Desemba jua linazama saa kumi jioni na halionekani tena mpaka saa mbili na nusu asubuhi ipite. Mtaani kwetu wenye gereji ni wachache, sisi wengine magari yanalala nje, yamepangana kando ya barabara kama ng'ombe zizini. Kwa hiyo kila ukikutana na mtu ngazini, maongezi ni yale yale: betri, theluji, na matairi ya baridi, ambayo wenyewe wanasema yafungwe "kutoka O mpaka O", yaani Oktober mpaka Ostern, Pasaka. Na usidhani utawasha gari likungurumie pale huku unakwangua barafu kwenye kioo. Sheria inakataza. Unakwangua kwanza, vidole vinakufa ganzi, ndipo unawasha.

Mimi niliingia kwenye maongezi hayo kwa aibu. Ilikuwa baridi yangu ya kwanza na gari, Golf kuukuu niliyoinunua kwa mtu. Usiku mama mmoja wa ghorofa ya tatu akapiga kengele: umesahau taa. Nikashuka na kandambili kwenye theluji. Kweli, taa ndogo ya mbele kushoto inawaka, na ya nyuma kushoto inawaka. Kulia giza tupu. Ufunguo ninao mkononi, swichi ya taa imezimwa.

Mtu aliyekulia Moshi akiona gari limewaka upande mmoja hana maswali mengi: waya umegusana. Nilikuwa nimeshafungua boneti, natafuta spana ya kuchomoa kichwa cha betri, mzee wa ghorofa ya chini akapita na mbwa wake. Akaangalia taa, akaniangalia mimi na kandambili zangu, akaingiza mkono dirishani na kukirudisha katikati kijiti cha indiketa. Taa zikazima. Akasema neno moja tu, "Parklicht", akaendelea na mbwa.

Kumbe ndivyo gari lilivyotengenezwa. Ukizima injini kisha ukakisukuma kijiti cha indiketa kushoto, taa za paking za kushoto peke yake zinabaki zinawaka. Ukikisukuma kulia, za kulia. Begi langu lilikigusa nilipokuwa nashuka. Sheria ya barabarani ya Ujerumani inasema gari lililosimama nje ya mji usiku liwe na taa yake, lakini mjini inatosha kuonyesha ule upande unaoelekea barabara, na hata huo si lazima kama taa za mtaani zinalionyesha vizuri kwa mbali. Kuna nguzo za taa zimevishwa utepe mwekundu wenye kingo nyeupe. Miaka yote nilidhani ni pambo. Maana yake taa hiyo haiwaki usiku kucha, kwa hiyo ukiegesha chini yake, jitegemee.

Uzuri wenyewe uko kwenye hesabu. Balbu ndogo ya paking ni wati 5. Mbele moja, nyuma moja, jumla 10, hata ampea moja haifiki. Usiku wa saa 12 unakula kama ampea-saa 10 kwenye betri ya 45 hivi. Washa pande zote mbili, ongeza taa ya namba, na ulaji unazidi mara mbili. Na baridi kali peke yake inaweza kuipunguzia betri karibu nusu ya nguvu. Asubuhi utagonga milango ya watu na nyaya mkononi, ukiomba moto. Aliyefikiria kuwasha upande mmoja alikuwa anamfahamu mwenye gari na pia anayepita usiku.

Mzee yule siku hizi tunaongea. Aliniambia zamani kabla ya hiyo swichi kulikuwa na kitaa cha kubana kwenye kioo cha dirisha, cheupe kwa mbele, chekundu kwa nyuma, waya wake unaingia ndani. Baba yake alikuwa akimtuma akakitundike kila jioni ya baridi, na alikichukia kama sisi tulivyochukia kutumwa maji.

Hapo ndipo nilipokumbuka Benzi ya Baba, zile za miaka ya sabini mwishoni. Swichi yake ya taa ilikuwa ya kuzungusha, na kushoto kwa sifuri palikuwa na alama mbili za P. Siku moja nilizungusha huko. Baba alipoikuta gari imewaka upande mmoja alinikalisha chini, kisha akamwita fundi umeme. Fundi akapima, akatikisa kichwa, akakata waya. Tukamlipa na tukamshukuru.

Simcheki fundi. Hakuna aliyemwambia, na mimi mwenyewe nilikuwa na spana mkononi. Kinachonikera ni jinsi tulivyoigeuza paking kuwa taa ya kutembelea. Nyumbani jioni giza likianza kushika, madereva wanawasha paking, taa kubwa "bado mapema". Halafu lori likikwama kwenye mlima Kitonga usiku, linazimwa kila kitu ili betri isife, na nyuma yake yanatandazwa matawi ya miti. Paking tunaiwasha tukiwa mwendoni na kuizima tukisimama! Tawi nalo ni taa ya maskini, nalielewa, limeokoa wengi mchana. Usiku wa mvua, tawi bichi juu ya lami nyeusi unaliona ukiwa umeshalikanyaga.

Wiki iliyopita nilimpigia kaka yangu, Benzi ameirithi yeye, iko chini ya mwembe. Nikamwambia, kaka, nenda kazungushe ile swichi kushoto uniambie. Akaenda kweli, nasikia mlango unalia. Akarudi kwenye simu: "Inazunguka vizuri. Ila betri tuliiuza mwaka juzi."