Panya mlevi, panya mlokole

Mtu akishindwa kuacha pombe, majirani huwa na jibu tayari: "Iko kwenye damu, hata babu yake alikuwa hivyohivyo." Si uongo mtupu. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za watu katika hatari ya uraibu wa pombe inatokana na urithi. Kinachonikera ni pale urithi unapogeuzwa hukumu, na utetezi wangu nautoa kwa panya.

Maabara zina koo za panya waliopandishwa kaka kwa dada vizazi 20 na zaidi, hadi wote wanafanana jeni kama mapacha wa kufanana. Mwekee panya wa ukoo wa C57BL/6J chupa mbili, moja ya maji matupu, nyingine ya maji yenye pombe asilimia 10. Ataing'ang'ania ya pombe. Wa ukoo wa DBA/2J ataionja kidogo tu na kurudi kwenye maji. Watafiti McClearn na Rodgers waliandika juu ya tofauti za namna hii mwaka 1959, na baadaye koo hizi mbili zilizalishwa pamoja kupata koo za BXD, zinazosaidia kusaka sehemu za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) zinazohusika.

Basi, mlevi na mlokole? Subiri. Huyo mlokole mdunge pombe kwa sindano akiwa upande mmoja wa kizimba, rudia mara kadhaa, kisha mwache achague pa kukaa. Atakwenda palepale alipodungiwa, tena kwa hamu kuliko yule mlevi! Kumbe alichokuwa anakikataa kwa sehemu kubwa ni ladha. Jeni utakayoipata kwa kupima chupa peke yake huenda ni ya ulimi tu, na gazeti litaitangaza kuwa "jeni ya ulevi".

Mazingira nayo hayakai kando. Mwaka 1999 mtafiti Crabbe na wenzake walipima koo zilezile kwa utaratibu uleule katika maabara tatu: Portland na Albany, Marekani, na Edmonton, Kanada. Kwenye unywaji wa pombe maabara zilikubaliana vizuri. Kwenye kipimo cha woga zikapishana.

Naziunga mkono tafiti hizi, maana binadamu huwezi kumpangia ndoa wala mlo kwa vizazi 20. Ila ukisoma kwamba jeni ya uraibu imepatikana, tafuta kwanza kama panya alikunywa mwenyewe au alidungwa.