Prosesa ya mgeni na siku umeme unapokatika

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi hapa mjini Unguja, mzaliwa wa Chake Chake, juzi alifungua mipangilio ya mashine pepe zetu, kompyuta za kuigizwa zinazoishi ndani ya seva, akaguna. "Ami, umechinja ng'ombe mzima, wageni unawalisha kwato!" Alichokiona ni hiki: tuna seva mbili za Intel, moja ya Xeon E5 v2, kizazi cha 2013, nyingine ya E5 v3, kizazi cha 2014. Mashine pepe zote nimeziambia kwamba ziko juu ya ile ya zamani. Hata zikikaa kwenye v3, AVX2, kundi la amri za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo, haziioni. Ipo chini yazo, lakini nimeificha.

Lawama yake naisikia kila ninapokutana na mafundi wenzangu, na karibu kila mara hukumu hutolewa kabla upande wa pili haujasema. Kumpa mgeni prosesa kama ilivyo kunaonekana ndio ujanja, na kumshushia kiwango kunaonekana ni woga wa wazee. Ndiyo maana nachukua muda kuutetea woga huo.

Mgeni, yaani mfumo unaotembea ndani ya mashine pepe, hujua prosesa yake ina uwezo gani kwa kuiuliza kupitia amri iitwayo CPUID. Haipavaiza, programu inayoziendesha mashine pepe, inaweza kulidaka swali hilo na kujibu inavyotaka. EVC ya VMware, chaguo la kushusha kiwango lililokuja 2008, haifanyi jambo kubwa zaidi ya hapo. Hyper-V, haipavaiza ya Microsoft, ilipata chaguo la namna hiyo kwenye Windows Server 2008 R2, na QEMU, programu huria ya kazi hiyohiyo, ina orodha ndefu ya majina ya prosesa unayochagua. Mgeni akiambiwa "wewe uko kwenye Ivy Bridge" (jina la kizazi cha ile v2), anaamini.

Tatizo ni kwamba mgeni haulizi kila saa. Huuliza anapowaka, na programu nyingi huuliza zinapoanza, kisha jibu linashikwa mpaka mwisho. Hata kazi ndogo ya kunakili baiti kutoka sehemu moja ya memori kwenda nyingine, maktaba za Linux huichagulia njia moja programu inapofunguliwa: kama AVX2 ipo, njia ya AVX2. Sasa mhamishe mgeni huyo, bila kumzima, kutoka seva mpya kwenda ya zamani. Memori yake yote inahama pamoja na lile jibu la asubuhi. Anafika, anaendelea, ukurasa unafunguka, wewe unarudi kwenye chai yako. Halafu programu inafika pale ilipopanga kutumia AVX2, prosesa inasema amri hii siijui, na mfumo unaiua programu hapohapo.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu linachelewa. Haipavaiza inayojua kiwango cha kila mgeni hukataa uhamisho mapema na kukupa sababu. Lakini ukichagua kupitisha prosesa kama ilivyo, mara nyingi kinga hiyo umeiondoa kwa mkono wako. Niliwahi kuitwa usiku mahali ambapo hifadhidata ilikufa saa tano na nusu ilhali uhamisho ulifanyika adhuhuri. Waliangalia diski, wakaangalia memori, wakamlaumu aliyeandika programu. Hakuna aliyeukumbuka ule uhamisho, maana ulikuwa "umefaulu". Kwenye kumbukumbu za mfumo kulikuwa na mstari mmoja tu wa amri batili, nao umezama katikati ya mistari mia.

Wenye kupenda prosesa kamili wana jibu: basi usihamishe mgeni akiwa hai. Mzime, mhamishe, mwashe, dakika tano tu. Kwenye miji ambako umeme ni kitu usichokifikiria, jibu hilo linatosha sana. Sisi umeme wa Unguja unapita chini ya bahari kutoka bara, wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa namna hiyohiyo tangu 2010. Waliokuwa hapa kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima cha Unguja kikiwa gizani kwa miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa. Mambo ni afadhali sana kuliko wakati ule, lakini fundi wa kompyuta wa visiwani bado hupanga kazi zake akiwa na jenereta kichwani.

Kwangu kuhamisha mgeni bila kumzima kumekuwa njia ya kubana umeme. Seva zote mbili zikiwaka, kioo cha UPS yetu kinasoma wati 540, na betri inatubeba dakika 24. Wageni wote wakikusanyika kwenye seva moja na nyingine ikazimwa, kinasoma wati 310, na kwa hesabu ya kawaida dakika zinapita 40. Tangazo la kukatwa umeme kwa matengenezo likitoka, nawakusanya mapema. Umeme ukikatika ghafla, faida ni ndogo zaidi: wageni wetu wana memori ya GB 64 kwa jumla, na kwenye waya wa gigabiti moja hiyo ni kama dakika 10 za kuhamisha, muda ambao UPS inabeba seva zote mbili. Bado tunapata kama dakika 10 juu ya zile 24. Ni dakika za kumpigia simu mwenye funguo za chumba cha jenereta, na aliyewahi kumsubiri mtu huyo anajua thamani yake.

Seva gani ibaki? Ile yenye memori kubwa, ambayo kwetu ni ya zamani. Kwa hiyo wageni wanatoka juu kwenda chini, ndiko hasa kwenye hatari. Kijana wangu hakulifikiria hilo, na simlaumu, kwani miongozo mingi anayoisoma imeandikwa na watu ambao seva zao hununuliwa kumi kwa mpigo, zote za aina moja.

Hata hao walionunua pacha wasijiamini sana. Mwaka 2014 Intel waligundua kasoro kwenye uwezo uitwao TSX ndani ya Haswell (kizazi cha v3 yetu), wakauzima kwa maikrokodi, yaani sasisho la ndani ya prosesa. Mwaka 2019 TSX ikarudi mezani kwa sababu za usalama, na wengi wakaizima tena. Chukua seva mbili za toleo moja, zilizofika kwenye boti moja, moja umeisasisha na nyingine bado. Pacha si pacha tena. Mgeni aliyewaka kwenye ile ambayo haijasasishwa anaikumbuka TSX, na huwezi kumpeleka kwenye iliyosasishwa bila kumzima. Nawe ulitaka kumhamisha ili uisasishe ya pili! Aliyeshusha kiwango tangu mwanzo na kuificha TSX hakuhangaika.

Hata hivyo upande wa kijana una hoja, na moja inauma. Kushusha kumepata jina baya kwa haki yake. Kwa miaka mingi chaguo-msingi la Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe, lilikuwa kvm64, prosesa ya kubuni inayofanana na Pentium 4. Hapo hata AES, amri za kusimba data, haimo, kwa hiyo usimbaji fiche wa diski na wa tovuti unafanywa kwa jasho. Wageni wa Red Hat 9, toleo la Linux la 2022, wanagoma kuwaka kabisa, kwa kuwa wanadai kiwango cha x86-64-v2, ngazi ya pili ya uwezo wa prosesa za namna hii. Hifadhidata ya MongoDB kuanzia toleo la 5.0 inataka AVX, iliyoitangulia AVX2. Ni toleo la 8 la Proxmox, Juni 2023, ndilo lililohamia x86-64-v2 pamoja na AES. Mtu aliyeonja kvm64 akaapa kutoshusha tena simcheki.

Ila ile ilikuwa kushusha kwa mtu asiyeijua nyumba. Kiwango cha Ivy Bridge tulichoweka sisi kinabaki na AES, kinabaki na AVX, na MongoDB inatembea. Tulichokipoteza ni AVX2 na jamaa zake, na wageni wetu ni barua pepe, mfumo wa hesabu, hifadhidata mbili na faili za ofisi. Ukitaka kunionesha hasara kwenye mfumo wa hesabu, uje na saa ya kuhesabia sekunde na subira nyingi. Diski ndiyo inayotuchelewesha.

Usalama nao una mtego. Tangu Spectre na Meltdown, kasoro za prosesa zilizotangazwa Januari 2018, kuna vibendera (alama za uwezo kwenye jibu la CPUID) ambavyo mgeni lazima avione ili ajikinge. Ukichagua jina la IvyBridge tupu unamficha vibendera hivyo, na unatakiwa kuchukua IvyBridge-IBRS, kisha uongeze vingine vilivyotangazwa baadaye. Aliyepitisha prosesa kama ilivyo huvipata vyote bila kuvifikiria. Na kuficha si kufuli: programu isiyouliza CPUID ikaita tu amri inayoitaka, mara nyingi itafanikiwa kwa sababu chuma kinayo, kisha itakwama siku ya kuhama. Windows Server 2025 imejaribu kupunguza uchungu kwa kukokotoa uwezo ambao seva zote za klasta zinao kwa pamoja, badala ya kumshusha kila mtu hadi kiwango kimoja cha chini kilichopangwa kiwandani.

Lakini hakuna kati ya mbinu hizo itakayookoa E5 v2. Red Hat 10, iliyotoka 2025, inadai x86-64-v3, na humo AVX2 ni lazima. Kwa hiyo swali la kweli kati yangu na kijana ni lini tuiache ile seva ya zamani, ambayo siku moja itatuzuia kusasisha mifumo. Yeye anasema leo. Mimi nasema seva nyingine ikifika, na isiwe AMD, maana kati ya Intel na AMD hakuna kiwango cha kushusha kinachokuhakikishia kumvusha mgeni akiwa hai. Siku hiyo nitapandisha kiwango, na kila mgeni itabidi azimwe kabisa kisha awashwe. Kumwasha upya kutoka ndani hakutoshi, jibu la zamani la CPUID linabaki.

Kwa sasa tumekubaliana jambo moja. Ana mgeni wake wa kuchambua picha, huyo kweli anaila AVX2. Tumempa prosesa kamili, yeye peke yake, kwenye v3. Jina lake kwenye orodha linaishia na "usihamishe", na tangazo la umeme likitoka, kijana mwenyewe ndiye anayekuja kumzima.